Mlango wa nyumba ya Kilolo

Mwezi uliopita nilikuwa steshenari moja hapa Iringa nikisubiri kopi, akaingia mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha karatasi Mgololo. Alimwomba dada wa kaunta programu rahisi ya kutengenezea gemu.

“Gemu za risasi, mzee?”

“Hapana, mwanangu. Ile mtu anatembea kijijini, anasalimia watu, nao wanamjibu.”

Akaeleza kwamba mkewe amepoteza kumbukumbu, na kila siku analia arudishwe kwao Kilolo, kwenye nyumba ambayo ilishabomolewa.

Dada alimwonyesha programu mbili. Ya kwanza ilitaka uandike amri kwa Kiingereza. Ya pili ilikuwa na nyumba, miti na watu tayari, kazi yako ni kuwapanga na kuwaandikia maneno. Mzee alichagua ya pili, akashika mausi kwa mikono miwili.

Juzi nimemkuta pale tena. Gemu aliimaliza, hata mama mkwe wake yumo, amesimama uani akisema, “Karibu, mwanangu.”

“Mama nyumbani amefurahi?” dada akauliza.

“Aliangalia sana. Akasema nyumba nzuri, lakini si kwao. Mlango si wenyewe.”

“Basi tuubadilishe. Ulikuwa wa rangi gani?”

Mzee alipapasa kidevu.

“Nilienda mara moja tu, siku ya posa. Anayejua ni yeye.”

Nilipotoka nilimpigia mama yangu simu, nikamwuliza mlango wetu wa zamani ulikuwa wa rangi gani. Alidhani naumwa.