Kesi ya Bosi na Makubazi ya Mzee Ramadhani

Enzi zetu kule Makina, ndani ya Kibera, mbwa hakutembezwa. Mbwa alisindikizwa haja. Ulimtoa asubuhi kabla ya chai, ukampeleka mpaka kando ya reli, ukamngojea amalize, ukaufukia mzigo wake kwa majivu na kurudi naye nyumbani, wala hakuna aliyekupiga picha. Nayasema haya kwa sababu siku hizi naishi Riruta Satellite, na kila jioni nawaona vijana wakipita na vijibwa vyenye manyoya yaliyochanwa, mkono mmoja kamba, mkono wa pili kimfuko cha kuokotea, nyuso zimejaa ustaarabu kana kwamba wao ndio waliogundua kuwa mbwa hunya. Binti yangu Nekesa anacho kimoja cha namna hiyo, anakiita Kuki. Siku moja nilimwambia kwamba mimi nilikuwa nikiokota kinyesi cha mbwa Kibera kabla yeye hajazaliwa.

"Mathe, wacha zako," akaniambia. "Kibera nani alikuwa anaokota?"

Mimi nilikuwa naokota. Tena kila siku, na sababu ilikuwa Habuba.

Habuba ndiye aliyekuwa mwenye ploti. Wanubi humwita nyanya habuba, na sisi wapangaji tuliotoka Bungoma, Kakamega na Siaya tukamwita hivyo hivyo, hata baba yangu ambaye umri wao haukupishana sana. Ploti ilikuwa na vyumba sita vya udongo na mabati, ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Yeye alikaa nyumba ya mbele yenye baraza, na asubuhi za Ijumaa alipopika gurusa, zile chapati zake laini za maji, harufu ilituamsha sote na kututesa mpaka tulipokwenda shule. Ukuta wa nyumba yake ulipakana na kichochoro walimopita wazee kwenda msikitini. Kumbukeni hicho kichochoro.

Baba alikuwa fundi wa mbao. Wezi walipombebea randa na misumeno, siku ya tatu alirudi na mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Akamwita Bosi kwa sababu, alisema, hafanyi kazi na bado anataka kula wa kwanza. Sote tulijua Habuba hatakubali. Mbwa akitia mdomo kwenye chombo cha Mwislamu, chombo hicho kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na bomba letu lilitoa maji siku linayotaka lenyewe. Mama alikwenda kuomba akiwa amejifunga leso yake nzuri, nami nyuma yake nimeshika kamba. Habuba akamtazama Bosi, Bosi akamtazama Habuba, kisha Bosi akakaa chini na kuinamisha kichwa. Nadhani hapo ndipo alipopata nyumba.

"Akae," Habuba akasema. "Lakini watu wanapita hapa na udhu wao. Siku nitaona mavi ya mbwa kwa hiki kichochoro, siku hiyo mbwa anatoka."

Kazi ikawa yangu. Nilikuwa na miaka minane, na nilimpenda yule mbwa kuliko nilivyowapenda wadogo zangu, jambo ambalo wadogo zangu walilijua na kulilalamikia. Asubuhi tulitoka wawili, mimi na mkebe wa majivu ya jiko na kipande cha bati kilichokunjwa, yeye na masharti yake. Bosi hakuinua mguu ovyo. Alizipita nguzo tatu za stima bila kuzitazama akaenda kuikojolea ya nne, ile iliyobandikwa picha za wagombea, na uchaguzi ulipokaribia na picha zikaongezeka, safari ikawa ndefu mno. Haja kubwa ndiyo iliyokuwa na sherehe. Azunguke mara tatu, abadili mawazo, anuse tena, azunguke kwa upande wa pili, halafu achuchumae akinitazama kwa aibu mpaka nigeuze uso. Usipogeuka, hafanyi. Basi niligeuka, nikawa nayatazama mabati ya Kibera yakianza kutoa moshi wa chai, nasikia redio za watu na mama wa mandazi akigombana na kuni mbichi. Bosi akimaliza alirusha udongo nyuma kwa miguu, mara mbili tatu, akaondoka kifua mbele, akiniachia mimi kazi yenyewe.

Sasa nikiri jambo ambalo Nekesa bado halijui. Mimi niliogopa choo.

Watoto wakubwa wa ploti walikuwa wametuambia kuna mkono unaoishi ndani ya shimo, na kwamba unapenda zaidi wasichana. Mlango nao ulishikwa na bawaba moja. Ukiingia ulijifunga wenyewe ukakuacha gizani na nzi. Kwa hiyo kule relini, Bosi akichuchumaa upande wake wa vichaka vya mibono, nami nilichuchumaa upande wangu. Tulipeana migongo kwa heshima, na mkebe mmoja wa majivu ulitutosha. Nyumbani walinisifu sana kwa kumtunza mbwa. Hakuna aliyejiuliza mbona mtoto huyu haonekani kwenye foleni ya choo.

Kisha masika yakaja, yakaharibu mpango mzima. Njia ya reli ikawa tope la magoti, na Baba akasema Bosi atampeleka yeye mwenyewe, maana ndiye mwenye gambuti. Nikabaki sina kisingizio. Nilijikaza siku nzima. Jioni ya siku ya pili, mvua ikinyesha na kila mtu amejifungia ndani, nilipenya nyuma ya ukuta wa Habuba, pale pale kichochoroni, nikajiambia mvua itabeba. Mvua haikubeba.

Aliyekanyaga alikuwa Mzee Ramadhani, kaka yake Habuba, akienda sala ya magharibi. Alikuwa amevaa makubazi mapya aliyoletewa kutoka Mombasa, na alikuwa mtu wa kujisifu kwamba safu ya mbele msikitini haijawahi kumkosa. Jioni hiyo ilimkosa. Tulimsikia akirudi kwa mguu mmoja, akimwita dada yake amletee maji na udongo. Akaosha mara saba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia letu nikihesabu pamoja naye, na kila alipomimina niliomba Mungu iwe ya mwisho.

Kesi ilisikizwa uani asubuhi iliyofuata, Bosi amefungwa kwenye mti wa kuanikia nguo. Baba alijitetea kwamba alikuwa amempeleka mbwa relini kwa miguu yake. Mzee Ramadhani akamuuliza kama anaweza kuapa kuwa mbwa hakufunguka mchana kutwa. Baba hakuweza, kwa sababu mchana Bosi alikuwa amekata kamba akazurura, na nusu ya ploti ilimwona. Watu wote wakamgeukia Bosi. Bosi, maskini, akakaa chini na kuinamisha kichwa. Ile adabu iliyompa nyumba, siku hiyo ikahesabiwa kuwa kukiri kosa.

Nami nilikuwa pale. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia akihema, na neno moja tu kutoka kwangu lingemwokoa. Sikulisema. Nilimpenda mbwa yule, lakini aibu niliiogopa zaidi, na mpaka leo nikikumbuka nahisi masikio yakipata moto.

Hukumu ikawa Kawangware, kwa mjomba Wafula, fundi wa viatu. Jumamosi tulikwenda kwa miguu, Baba mbele, mimi na Bosi nyuma, tukavuka barabara kubwa na kupita vibanda vya mitumba, yeye akinusa kila nguzo kwa furaha akidhani leo tumeamua kutembea. Tulipofika mlangoni kwa mjomba, akazunguka mara tatu, akabadili mawazo, akazunguka tena, akachuchumaa na kunitazama. Nikageuza uso. Nililia nikitazama ukuta.

"Huyu ashafika nyumbani," mjomba akasema, akaenda kutafuta majivu.

Huko Makina wiki moja ilipita kwa amani, yaani amani ya watu wengine. Mimi nilikuwa nikijifunza kubana, elimu ambayo ina mwisho wake. Jumapili Mama akapika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, na mimi nikala ya mtu mzima, kwa kuwa huzuni haijawahi kuninyima chakula. Jumatatu alasiri, baada ya shule, yaliyotokea yakatokea, pale pale.

Safari hii Mzee Ramadhani aliona kabla ya kukanyaga. Akatangaza kwamba mbwa amerudi kutoka Kawangware. Wapangaji wakatoka wote. Baba akasema haiwezekani. Mwingine akasema mbwa ana pua, anaweza kufuata njia. Walipokuwa wakibishana, Habuba akaja na mwavuli wake, akainama taratibu, akatazama. Akapekua kidogo kwa ncha ya mwavuli. Hakuharakisha hata kidogo.

"Huyu mbwa," akasema, "amekula githeri. Na hatafuni."

Kisha kina mama wakaanza kutazamana na kuulizana nani alipika githeri jana. Walikuwa wawili: Mama, na jirani yetu Mama Atieno, ambaye mtoto wake alikuwa bado ananyonya. Nilisikia ule ua mzima ukigeuka polepole kuelekea kwangu. Habuba akaupiga mwavuli chini, akawaambia mvua inarudi, kila mtu aanue nguo zake. Wakatawanyika.

Mimi akaniita barazani. Alinipa gurusa yenye sukari, akaningoja nimalize, nami nilimaliza upesi.

"Nimelea watoto tisa," akasema. "Hakuna kitu inatoka kwa mtoto mimi sijui. Nikisema mimi, mbwa atarudi. Lakini ukisema wewe, utalala vizuri. Chagua."

Nikamfuata Mzee Ramadhani alikokuwa ameketi, nikasema yote, nikianzia na mkono wa shimoni. Aliyatazama makubazi yake, ambayo yalikuwa yameanza kupauka.

"Kwa hivyo mara saba nilisugua bure?"

"Ndiyo, Babu."

"Na ule udongo?"

"Na udongo."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mama hakucheka. Mama alinichapa kwa mwiko, kisha akaenda kumwomba radhi kila mtu aliyekuwepo kwenye kesi, na nadhani angemwomba hata Bosi kama angekuwa karibu. Siku iliyofuata tulikwenda Kawangware kumchukua. Aliponiona alinirukia akaniramba uso mzima, akiwa hana kinyongo chochote, na hilo liliniuma kuliko mwiko.

Lakini kitu nilichokuja kukitunza moyoni kilianza jioni ile ile. Habuba alinishika mkono akanipeleka chooni. Akasimama nje, akaushika mlango usijifunge wote, mwanga ukaingia. Mimi ndani nikaita.

"Habuba, uko hapo?"

"Niko hapa. Huo mkono ukitoka, nitaushika mimi."

Alisimama hivyo kila jioni mpaka masika yakaisha, mwenye ploti mzima, na mwavuli wake, akimlinda mtoto wa mpangaji asiliwe na shimo. Bosi alikaa nasi mpaka akazeeka, na kichochoro kile hakikuchafuliwa tena na mbwa wala na mtu.

Nayafikiria hayo ninapoyaona ya Satellite. Mwezi uliopita mtu alipiga picha ya kinyesi kwenye ngazi za jumba letu akaitia kwenye grupu ya WhatsApp ya wapangaji. Kabla sijavaa miwani, Kuki alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Wenye mbwa wajipange, wenye mbwa wahame, wenye mbwa ni watu gani. Nekesa alilia chumbani kwake. Watu wote hao wanaandika, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kutazama. Nikashuka mimi. Nikainama, magoti yakalia, nikatazama vizuri kama nilivyofundishwa. Alikuwa paka. Nikaandika kwamba ni paka, wakaniuliza nina ushahidi gani. Nikapanda ngazi nikipita milango kumi na miwili, na nikajikuta sijui jina la mtoto hata mmoja aliye nyuma ya milango hiyo. Wanaokota vizuri, siwezi kuwasengenya kwa hilo. Enzi zetu tulinuka moshi na majivu, lakini kulikuwa na mtu aliyejua jana ulikula nini.

Jumamosi nikaenda Makina. Habuba bado yupo, macho yameingia ukungu, miguu imekuwa dhaifu. Ploti sasa ni ya matofali, na choo kina vigae na maji ya kuvuta. Vitukuu wake walikuwa sebuleni, kila mmoja na simu yake. Tulikunywa chai, kisha akaninong'oneza nimsindikize, kwa maana hivyo vigae vinateleza naye anaogopa kuanguka. Nikampeleka taratibu. Nikasimama nje, nikaushika mlango usijifunge wote.

"Nasimiyu, uko hapo?"

"Niko hapa, Habuba."

Nikasikia anacheka peke yake mle ndani.

"Jana ulikula nini?"

"Githeri."

"Ulitafuna?"