Nani Anasikia Sauti?

Cheka ukitaka, wengi walicheka. Élysée, Mrundi mrefu mwenye mabega ya kubebea magunia, akisikia filimbi alikuwa anaingia chini ya meza. Wala si filimbi ya polisi peke yake. Ya refa, ya watoto wanaocheza barabarani, hata birika la jirani likipiga mluzi, ilikuwa ni hivyo hivyo. Na kwa bahati yake mbaya, chumba alichopata kupanga na mkewe kilikuwa mtaa wa Bertrams, karibu kabisa na uwanja wa Ellis Park, ambako timu zikicheza watu wanaanza kupuliza tangu mchana. Mwaka ule wa Kombe la Dunia, dunia nzima ikishangilia na bendera, yeye alishinda bafuni na taulo kichwani.

Mkewe Joséline hakuwahi kucheka. Alijua filimbi hizo zilikotoka. Mei ya mwaka 2008, walipokuwa wakiishi kwenye vibanda vya mashariki mwa jiji, vijana walipita mlango kwa mlango wakiwatafuta wageni, wakiitana kwa filimbi. Joséline alikuwa ameshakimbilia kituo cha polisi na mtoto wao Arlène mgongoni. Élysée alijificha ndani ya pipa la maji. Mdogo wake, Alexis, hakupata pa kujificha. Mle ndani ya pipa Élysée alisikia kila kitu mpaka mwisho, na tulipomzika Alexis, sisi wa kanisani tuliokuwapo, Élysée hakudondosha hata chozi.

Baadaye alipata kazi ya ulinzi kwenye jengo moja la Hillbrow. Sasa mlinzi na filimbi utawatenganishaje? Siku wezi walipoingia, mwenzake alipuliza kuomba msaada, na Élysée akakutwa nyuma ya mapipa ya taka, amejikunyata. Kazi ikaishia hapo. Kuanzia siku ile nyumba ilisimama kwa vidole vya Joséline, aliyekuwa msusi kwenye saluni palepale Hillbrow.

Asidhani mtu kwamba hawakuhangaika. Vidonge vya kutuliza alivimeza vya kila rangi. Akafunga, akaombewa, akapakwa mafuta. Kanisa lao lilikuwa kwenye gereji ya zamani, na mchungaji wake alikuwa Pitchou, Mkongo wa Bukavu, mtu mwema mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Pitchou alikuwa na desturi yake. Kila Jumapili kabla ya kuhubiri alisimama mbele na kuuliza, "Nani anasikia sauti?" Hakuna aliyeuliza sauti ya nani, kila mtu alijua ni ya Bwana. Mikono ilipanda gereji nzima, watu wakiitikia, "Mimi nasikia!"

Mkono wa Élysée ulibaki kwenye goti. Joséline, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, aliuona mkono ule kutoka mbele kila Jumapili, na moyo ulimuuma kwa aibu. Siku moja walipofika nyumbani uvumilivu ulimwisha.

"Papa Arlène, unaniaibisha! Mpaka watoto wanainua mkono, wewe umekaa tu kama kiti. Mtu akikuuliza kama unasikia sauti, sema ndiyo! Labda ndiyo sababu huponi."

"Ego, Mama Arlène," alijibu Élysée kwa upole. Ego ni ndiyo ya Kirundi, na yeye siku zile ndiyo ilikuwa karibu neno pekee alilobaki nalo.

Basi, mwaka 2013, kukaja tumaini. Lilikuja likiwa limekaa kwenye kiti cha saluni. Clémentine, muuguzi kutoka Lubumbashi, alikuwa anasukwa, na katika maongezi akasema kwamba kwenye kliniki ndogo anayofanyia kazi, kule Randburg, kuna daktari anayeitwa Vermaak, mama wa makamo, anayewatibu watu ambao vidonge vimewashinda.

"Anatumia ile dawa ya kumlaza mtu wa kupasuliwa," alisema Clémentine. "Lakini anatia kidogo kwenye mshipa. Mgonjwa anakuwa macho, lakini ni kama anaota. Anarudi kulekule alikoumizwa, anapaangalia kwa mbali, na ile hofu haimkamati. Daktari anakaa naye, anamsemesha. Na kuna nchi wanajaribu hata uyoga kwa ugonjwa kama huu."

Joséline aliacha kusuka. "Hizo si dawa za kulevya, dada?"

"Mkononi mwa mhuni ni dawa za kulevya. Mkononi mwa daktari ni dawa."

"Na watu wanapona?"

"Si wote, nisikudanganye. Lakini kuna mzee mmoja alikuwa askari, alikuwa hawezi kulala mpaka taa iwake. Sasa anazima mwenyewe. Nimemwona kwa macho yangu."

Daktari Vermaak alikuwa anaweka kitanda kimoja kwa mgonjwa asiye na uwezo, na kitanda hicho kilikuwa wazi. Joséline alimaliza kichwa cha Clémentine haraka haraka. Alishaanza kumwona mumewe amekaa uwanjani na Arlène, anakula karanga, watu wanapuliza vuvuzela na yeye anacheka tu.

Alhamisi walipanda teksi mpaka Randburg, Élysée amevaa suti ya harusi ambayo sasa ilikuwa inampwaya. Clémentine alikuwa na mgonjwa ndani, kwa hiyo Joséline ndiye aliyetafsiri, kwa Kiingereza chake cha saluni ambacho hakikuwa kibaya. Na niseme ukweli, mambo yalianza vizuri kuliko walivyotegemea. Daktari hakuwa na haraka. Aliuliza habari za filimbi, Élysée akajibu. Aliuliza zilianza lini. Élysée akasimulia habari za pipa, lilivyokuwa baridi, na jinsi Alexis alivyoita jina lake na yeye asitoke. Joséline alitafsiri huku machozi yakimtiririka, maana hilo la kuitwa jina hata yeye alikuwa hajawahi kulisikia.

Daktari naye alivua miwani, akaipangusa. "Nadhani tunaweza kumsaidia," alisema. "Nadhani dawa hii ni ya watu kama yeye. Yamebaki maswali machache tu ya usalama."

Moyo? Mzima. Kifafa katika ukoo? Hakuna. Pombe? Mlokole, hanywi.

"Je, anasikia sauti?"

Joséline hakusita hata kidogo. "Anauliza, unasikia sauti?"

Élysée alimgeukia mkewe. Ilikuwa Alhamisi, hawakuwa kanisani, lakini swali lilikuwa lilelile na midomo ilikuwa ileile iliyomgombeza. Akakaa wima.

"Ego," alisema. "Nasikia."

Joséline alijawa na furaha. Leo, mbele ya Mzungu, mume wake amekiri! "Ndiyo, daktari, anasikia!" alisema. "Anasikia vizuri!"

"Mara nyingi?"

"Kila siku," alisema Élysée.

"Inamwambia nini hiyo sauti?"

Élysée alikunja uso kama mwanafunzi anayetafuta somo la juzi, akayapata maneno ya mahubiri. "Inaniambia nisiogope kufa. Inaniambia niache vyote, niende."

Joséline alitafsiri neno kwa neno, akitabasamu. Daktari Vermaak aliweka kalamu mezani. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya upole kuliko mwanzo, na hapo ndipo Joséline alipoanza kuogopa. Dawa hii, alieleza, inafungua mlango wa akili. Kwa mtu ambaye tayari anasikia yasiyosikiwa na wengine, mlango huo unaweza kufunguka usifungike tena. Na mtu anayeambiwa aende na asiogope kufa, yeye hawezi kumgusa kwa dawa hiyo. Samahani sana.

"Lakini ni sauti ya Mungu!" alisema Joséline.

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye maneno hayo ameshaambiwa mara nyingi. Aliahidi kuwapigia simu hospitali ya serikali, wamtafutie Élysée dawa ya sauti.

Nje, karibu na robot, zile taa za kuongozea magari, Joséline alimshika mumewe koti. "Papa Arlène. Niambie kweli. Unasikia sauti?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Nasikia filimbi tu. Mungu hajanisemesha tangu siku ile." Alimtazama kwa wasiwasi. "Si wewe ulisema nikiulizwa niseme ndiyo?"

Magari yalisimama, yakaenda, yakasimama tena, na wao hawakuvuka. Kisha Élysée akauliza, bila kejeli yoyote, kama mtu anayeuliza njia, "Wewe unaisikia ikoje?" Joséline alifungua mdomo amweleze. Hakupata la kumweleza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Jumatatu Joséline alirudi Randburg na Mchungaji Pitchou mwenyewe, aliyevaa tai na kushika Biblia, ili wamweleze daktari kosa lililotokea. Joséline alisema yote: mume wangu hasikii kitu, alisema vile kwa sababu yangu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Alisema wagonjwa wa namna hii, na familia zao pia, mara nyingi hurudi na kukana, na yeye hana kipimo cha kujua siku ipi walisema kweli. Alisema hayo kwa masikitiko ya kweli, si mama mbaya yule. Pengine angeyumba. Lakini Pitchou, mtumishi wa Mungu, aliona hapa ndipo pa kumtetea kondoo wake, akasimama.

"Docteur, usiogope sauti! Siyo Élysée peke yake. Sisi wote tunasikia. Kanisa lote, kila Jumapili!"

Eish. Wiki iliyofuata kitanda kile kilipewa mtu mwingine.

Hospitali ya serikali iliwaita, na Élysée akaanza vidonge vya kunyamazisha sauti ambazo hakuwa nazo. Mikono ikaanza kumtetemeka, ulimi ukawa mzito, akawa analala mchana na kuamka na mate shingoni. Filimbi zilibaki vilevile; ila sasa akizisikia alichelewa kufika chini ya meza. Arlène, aliyezoea kumsemesha kwa Kiingereza cha shule na kujibiwa kwa Kirundi, aliacha kumsemesha, maana majibu yalikuwa hayaji.

Joséline alikwenda kwa wauguzi. "Mume wangu hasikii sauti," alisema. "Hasikii sauti yoyote, naapa."

Muuguzi alifurahi sana. "Vizuri, mama! Basi dawa inafanya kazi. Asiache."

Alimrudia Clémentine, naye akasema hakuna anayeweza kufuta alichosema daktari. Alijaribu kuvificha vidonge, lakini Élysée alivitafuta mpaka akavipata, akavimeza. "Daktari amesema," alimwambia. Utiifu wake wote, ule ambao Joséline aliulilia miaka, sasa ulikuwa umekamilika, na Joséline angetoa chochote autengue.

Jumapili moja ya Oktoba walikuwa kanisani. Joséline alikuwa ameacha kusimama mbele na kwaya, alikaa pembeni ya mumewe ili amfute mdomo. Kulikuwa na mechi Ellis Park, na vuvuzela zilishaanza kwa mbali. Élysée alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa benchi. Pitchou alisimama mbele, akanyoosha mikono.

"Nani anasikia sauti?"

Mikono ikapanda. Na mkono wa Élysée nao ukapanda, polepole, unatetemeka, mpaka juu kabisa. Watu wa nyuma walimwona, wakapiga makofi. "Haleluya, Papa Élysée!"

Joséline aliukamata mkono ule, akaushusha, akaubana katikati ya mapaja yake kwa mikono yake miwili. Élysée aligeuka. Macho yake yalikuwa na hofu ileile ya filimbi, ila safari hii alikuwa anamwogopa yeye.

"Mama Arlène," alinong'ona, ulimi ukimkwama, "hapa tunasema ndiyo, au tunasema hapana?"