Kitanda cha Chumba Namba Tisa

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Ndeti Musembi anavua viatu mlangoni, anaingia chumba namba kumi na mbili kwa soksi, na kwa mrusho mmoja anatandaza shuka jeupe juu ya godoro. Shuka linapaa, linatulia. Anakunja pembe zake taratibu, kama mtu anayefunga barua ya kwenda mbali.

"Mgeni akiingia, aone kwamba alikuwa anangojewa," anasema.

Ndeti ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na mmoja ametandika vitanda katika hoteli hii ya ghorofa moja mjini Kitui. Analipwa shilingi mia saba na arobaini kwa mwezi, na kwa hizo anasomesha watoto wanne. Mwaka jana, Agosti 1988, nusura kazi hiyo imponyoke kwa sababu ya kitanda kimoja ambacho hakukigusa.

Vyumba vya hoteli hiyo vinasifiwa mpaka Kibwezi. Vitanda ni imara, madirisha ni mapana, taulo ni nzito. Huduma ndiyo haitabiriki. Leo chai inaletwa ikitoa mvuke, kesho haiji kabisa. Maji ya moto yana siku zao. Mpokea wageni, kijana anayeitwa Nzioka, aliwahi kwenda sokoni na funguo zote mfukoni, wageni wakabaki kwenye ngazi wakihesabu magari.

Malalamiko yalipozidi, meneja, Bwana Abukar, aliyehamia Kitui kutoka Garissa, aliwaita wafanyakazi wote. Ndeti alikuwa na makosa mawili kwenye faili lake: taulo lililosahauliwa, na mgeni aliyeamshwa mapema. Aliambiwa la tatu litamrudisha nyumbani.

Wiki hiyo hiyo wakaja akina mama kumi na wanane, viongozi wa vikundi vya mwethya, wale wanaosaidiana kwa zamu kuchimba mabwawa na matuta. Walikuja kwa semina ya siku tatu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kulala hotelini.

Mbuvi, anayeshughulikia vyumba pamoja na Ndeti, alikuwa amekwenda kumzika baba yake. Vyumba vyote vikabaki kwa Ndeti. Na tangu redio ya mgeni mmoja ipotee, meneja alikuwa amekataza mtu mwingine yeyote kuingia vyumbani.

Asubuhi ya kwanza Ndeti alibisha chumba namba tisa, mashuka yakiwa mkononi. Sauti ikamjibu kwa Kikamba kwamba asubiri kidogo. Aliijua sauti hiyo, lakini akajiambia haiwezekani. Mlango ukafunguka.

Aliyesimama pale alikuwa mama mkwe wake, na nyuma yake, wazi kabisa, kilikuwa kitanda alichokuwa amelalia, blanketi limekunjuka.

"Mashuka yaliniponyoka," anasema Ndeti. "Sikuyaokota. Nilishuka ngazi kwa upande, kama kaa."

Mama huyo ni Kalunde, wa Mutomo. Jina hilo analitaja Syokau, mke wa Ndeti, kwa maana Ndeti mwenyewe halitamki. Ndiyo nthoni, ile heshima kati ya mwanamume na mama mkwe. Hamwiti jina, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Miaka kumi na sita walikuwa wamezungumza kwa kupitia watu, yeye upande huu wa ua, mama upande ule. Kuona anapolala ni aibu kubwa. Kukitandika kitanda hicho kwa mikono yake, Ndeti hakuwahi hata kuota.

Alimwendea meneja akamwambia chumba tisa hakiwezi, ila sababu aliona aibu kuitaja. Bwana Abukar, aliyekuwa akigombana na simu, alimjibu kwamba hoteli si harusi, mtu hachagui wa kumhudumia.

Basi kwa siku mbili chumba hicho kikahudumiwa kwa namna yake. Alfajiri Ndeti aliweka ndoo ya maji ya moto mlangoni, kwa kuwa bomba lilikuwa baridi, akabisha mara moja na kukimbia. Muthoki, mfuaji wa hoteli, alimpigia pasi taulo ambalo kwa kawaida halipigwi pasi. Aliporudi, Ndeti alikuta ndoo imeoshwa, taulo la jana limekunjwa juu yake. Mara moja alikuta nusu ya muwa.

"Mama alikuwa anajitandikia mwenyewe," anasema. "Kila nikipita mlango ule nilikuwa natazama dari."

Siku ya tatu wageni wakapewa fomu waandike maoni yao. Wengi wa akina mama waliomba kuandikiwa, lakini Kalunde alikuwa amemaliza ngumbaru, shule ya watu wazima, na hakutaka mtu amshikie kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa: CHUMBA NI KIZURI. SIKU MBILI HAKUNA MTU AMETANDIKA KITANDA. ASANTE SANA.

Bwana Abukar aliisoma mara mbili. Aliona mama huyo anamdhihaki. Akachapa barua ya kumwachisha Ndeti kazi, kisha akamwita ofisini. Nzioka alikuwamo akipanga funguo.

Ndeti anakumbuka kila neno.

"Ulisema chumba tisa hukiwezi. Mama wa humo ni nani yako?" meneja aliuliza.

"Ni mtu wa kwetu, bwana."

"Ana jina?"

"Analo."

"Litaje."

"Siwezi."

Nzioka, mtoto wa mjini aliyekulia mbali na mambo hayo, akacheka. Akasema labda huyo mama ni mpenzi wa Ndeti, ndiyo maana wamefichana siku mbili.

Hapo Ndeti anasita kusimulia. Anashika ukuta. Anasema hajawahi kupigwa maishani, lakini siku hiyo alijua mtu aliyepigwa anasikiaje. Barua ilikuwa mezani mbele yake. Akanyoosha mkono aichukue aende zake.

Sauti ikatoka nje, kwenye korido, nyuma ya mlango ulioegeshwa. Kalunde alikuwa amekuja kurudisha ufunguo.

"Meneja, toka wewe uje huku. Humo mna mtu, siwezi kuingia."

Bwana Abukar akasimama kwenye kizingiti, mmoja kulia kwake, mwingine kushoto, hawaonani.

"Huyo ameoa kwangu," Kalunde alisema. "Miaka kumi na sita hajaona ninapolala. Wewe ulitaka aanze kwa mshahara wako?"

"Lakini mama, wewe mwenyewe umeandika."

"Niliandika asante. Asante imekuwa tusi lini? Na huyo kijana wa funguo, mwambie mimi nimemzaa bibi ya huyu. Ajifunze kuuliza kabla ya kucheka."

Nzioka aliangusha funguo zote. Ndiye aliyetoka kwanza, akapiga magoti koridoni kuomba radhi, na Kalunde akamwinua akamwambia vumbi litaharibu suruali yake.

Kisha meneja, Ndeti anasema, aliongea kwa sauti ya chini, si ya ofisini. Alisema baba yake alikuwa akigeuza ngamia njia nzima amwonapo mama mkwe wake, na yeye akiwa mdogo alidhani ngamia wamepotea.

Akaichana barua. Akachukua mashuka safi kabatini, akapanda ngazi, akatandika kitanda cha chumba tisa mwenyewe, ingawa wageni walikuwa wanaondoka mchana ule.

"Alikitandika vibaya," anasema Ndeti, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Muthoki aliniambia mama alikivuruga akakirudia."

Tangu siku hiyo Muthoki ana ufunguo wa vyumba, na Ndeti hana kosa jipya kwenye faili. Chai bado inakuja ikipenda.

Sasa Ndeti anafuga mbuzi watatu nyuma ya nyumba yake ya kupanga. Kwa desturi ya ukoo wao, mkwe akipeleka mbuzi na blanketi, wazee wakala na kubariki, nthoni inalegezwa, na mama mkwe anaweza kuingia kwa mkwewe. Syokau atajifungua Desemba. Mara zote nne amejifungua mama yake akiwa Mutomo, hakuweza kuja kumpokea mtoto.

Blanketi Ndeti amekwisha nunua. Safari ya Mutomo ameipanga Novemba, mvua zikichelewa kidogo.

"Nataka aje mtoto huyu akiwa bado mwekundu," anasema, akifunga mlango wa chumba kumi na mbili. "Nitamsalimia kwa mkono. Nitamwita Mama mbele yake, asikie. Kitanda atatandikiwa na Syokau. Mimi nitachemsha maji."