Yatima wa Samuye

Nilipanga chumba mtaa wa Kambarage nikidhani ni kwa miezi mitatu tu. Mume wangu yuko mgodini Bugarama, huja akipata likizo, na likizo zake hazikosi sababu za kuahirishwa. Kwa hiyo niliyekuwa nikizungumza naye jioni alikuwa mwanambuzi.

Nafanya kazi maabara. Tulitaka kujua jeni za vipokezi vya kinga, vile vinavyotambua vijidudu vikiingia mwilini, huanza kufanya kazi lini kwenye bandama na utumbo wa mbuzi wachanga. Wa siku moja tulishawapata, wa wiki moja pia. Kundi la mwezi mmoja lilipungukiwa na mnyama mmoja.

Nikapigiwa simu kuwa kijijini Samuye yuko mwanambuzi yatima wa siku mbili. Siku niliyomfuata gari la ofisi lilikuwa likinisubiri, nalo lina safari nyingine. Mwenye mbuzi, mama wa makamo, alianza salamu kama wanavyosalimiana Wasukuma: nyumbani, watoto, shamba, mifugo, kimoja kimoja. Nikaitikia mbili tatu, nikambeba mnyama wangu, nikaondoka. Haraka hiyo ninayo tangu utotoni na sijaona iliponifikisha.

Nikamlea kwa chupa ya mtoto. Kila asubuhi alilia mlangoni kabla sijafungua, na sioni aibu kusema nilifurahi kuliliwa. Wenzangu walinionya nisimzoee. Nilimzoea.

Alipotimiza mwezi nilimpeleka mwenyewe maabara. Alilala mapajani mwangu daktari wa mifugo alipomdunga sindano ya usingizi. Mnyama akishakufa, ujumbe wa jeni zake huharibika upesi, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kulia. Nikakata bandama, nikakata utumbo, nikatumbukiza vipande kwenye vichupa. Nililia nyumbani, nikiosha ile chupa ya maziwa.

Wiki iliyofuata nilirudi Samuye kushukuru. Safari hii nilikaa kwenye kigoda. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, na salamu zikaanza upya: nyumbani, watoto, shamba. Tulipofika kwenye mifugo, akaniuliza habari za yatima wake. Nikamwambia.

"Maskini," akasema. "Mama yake alikufa akimzaa. Hata dang'a hakuonja, mwanangu. Tulimnywesha maziwa ya ng'ombe tu."

Dang'a ni maziwa ya kwanza, na ndiyo yanayompa mtoto kinga ya mama yake. Aliyeyakosa halinganishwi na wenzake walionyonya, hafai kuingia kwenye kundi. Kama mnyama alinyonya dang'a ni swali la kwanza kwenye fomu yetu, na mimi nililijibu "ndiyo" kwa kukisia tu.

Nimeifuta namba ya yatima kwenye orodha ya kundi. Vichupa vyake bado viko kwenye friza, na nimeshaambiwa mara mbili nivitupe. Ningekaa dakika tano siku ile nikamaliza salamu, ningejua hafai kwa kazi yetu; huenda ningemchukua nimlee tu, na asubuhi hii angekuwa analia mlangoni kwangu.