Daktari wa Maabara na Wodi

Mafunzo ya udaktari wa moyo yalimtaka daktari mmoja kijana atibu wagonjwa na pia afanye utafiti, na aliyetaabika katikati ni Douglas, fundi wa maabara, aliyefika kila siku kwa treni kutoka mtaa wa Lewisham. Daktari alikuwa akiinamia hadubini kuangalia seli za moyo alizozikuza zikidunda kwenye kisahani, akipumua taratibu kama anayechunga mtoto aliyelala. Simu ya wodi ikilia tu, anatoka mbio, glavu moja bado mkononi, kabati la joto la kutunzia seli ameliacha wazi. "Narudi sasa hivi, kaka," anasema kwa sauti yake laini ya Kimombasa. Harudi.

Asubuhi moja Douglas alikuta kabati limelala wazi na seli zote zimekufa, kazi ya miezi. Akaenda wodini akiwa ameazimia kumwambia kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Alimkuta kando ya kitanda cha bibi mmoja Mkongo, stethoskopu masikioni, kiganja cha bibi ndani ya kiganja chake. Daktari alipomwona Douglas, akaelewa.

"Zimekufa?"

"Zote."

Akafumba macho kidogo. "Nisamehe, kaka. Huyu bado namsikiliza." Akakiinamia tena kifua cha bibi.

Douglas akarudi maabara na maneno yake tumboni. Akakitupa kisahani, akalibamiza kabati, kisha, huku akinung'unika, akaanza kumwandalia seli nyingine.