Shuka Lililotundikwa Nyuma ya Gari la Golfi

Kama unataka kubisha, bisha sasa hivi, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatwa maneno. Mimi si mlevi, na siku ile sikuwa na homa. Shahidi wangu ni mke wangu, na yeye hajawahi kunitetea bure. Muulize.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, wakati wa kuitana citoyen, yaani mwananchi, kila mkubwa na abakosti yake, ile suti isiyo na tai. Nilikuwa fundi wa kupaka magari rangi, hapa hapa Lubumbashi, commune ya Kenya, mtaa wetu, si ile nchi. Mkubwa mmoja akaniletea gari dogo la golfi, lile wanalopanda kufuata mpira kwenye majani. Lilikuwa jeupe, pua imebonyea. Akasema limegonga mti, analitaka kijani kabla ya Jumapili. Nikamwambia, patron, tulipeleke garage, kule kuna mashine ya kupulizia. Akakataa.

"Fanya kwako nyumbani, citoyen. Kimyakimya."

Akaniachia katoni ya bombe, yale makopo ya rangi ya kupuliza, yametoka Zambia. Mkubwa wa wakati ule akikuambia kimyakimya, wewe ungemuuliza kwa nini? Basi na mimi sikuuliza.

Nikanyoosha pua, nikaijaza mastiki, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini. Sasa bombe ina usumbufu wake: upepo kidogo tu, rangi inaruka mpaka kwenye nguo za jirani, na jirani wa Kenya hanyamazi. Kwa hiyo nikatundika shuka nyuma ya gari lizuie rangi. Shuka jeupe la mke wangu, la harusi yetu. Ndiyo, nililichukua bila kumwambia. Usinitazame hivyo.

Jua lilikuwa linazama. Mke wangu Zaina akapaza sauti toka jikoni: "Baba Amina, magaribi ile! Acha kazi!"

Kwetu sisi watu wa Maniema, saa ya magharibi huachi nguo nje wala huendelei na kazi uani. Ni saa ya wasioonekana kupita. Lakini rangi ya bombe ukiikatisha katikati inaacha mstari, na yule mkubwa angeuona. Nikajisemea, namaliza ubavu huu tu.

Nikatikisa kopo, gololi ya ndani ikalia, nikaanza kupuliza. Kuinua macho, mtu ameketi kwenye kiti cha gari! Mtu mzima, kofia kichwani, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Wallahi, sikuogopa, nilikasirika. Nani amemfungulia mlango wa ua?

"Jambo, papa," nikasema. "Rangi ingali mbichi, utachafuka."

"Puliza tu, ndugu. Mi siko nachafuka."

Nikapuliza. Ukungu wa kijani ulimpita usoni na hakukohoa hata kidogo, mimi mwenye kitambaa mdomoni ndiye niliyekuwa nakohoa. Mwili wake ulitulia tuli, ila mguu mmoja ulikuwa unagonga-gonga sakafu ya gari. Akauliza pua ya gari ilipatwa na nini.

"Banasema iligonga muti."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Miti ya kule najua yote. Nilianza kubeba mifuko ya fimbo zabo za golfi tangu kijana. Hakuna muti yenye iligongwa."

Kisha akaweka kiganja juu ya rangi mbichi. Roho iliniuma, kazi yangu yote!

"Wende mutaa ya Hewa Bora," akasema, "uulize mama Ngoie, nyuma ya soko. Umuambie asiniwekee tena sahani ya bukari."

"Weye, unasema na nani?" Ni Zaina, nyuma yangu. Nikageuka. Niliporudisha macho, kiti kitupu. Pale alipoweka kiganja rangi ilikuwa laini, hakuna alama hata ya kidole. Zaina akasema amesimama mlangoni muda mrefu, ananiona nabishana na gari tupu.

Basi tukatazama shuka. Lote lilikuwa kijani, isipokuwa katikati. Katikati alikuwa ameketi mtu mweupe wa kitambaa kitupu, kofia kichwani, bega moja chini. Zaina alikuwa amekuja kunigombeza kwa shuka lake, lakini akarudi nyuma hatua mbili.

Usiku kucha nilizunguka uani. Asubuhi nikaenda Hewa Bora kwa miguu, shuka kwapani, kwa sababu kukaa tuli ndani ya basi nisingeweza. Mama Ngoie alikuwa anafagia. Akanipa kiti, akanieleza taratibu. Bwana wake alibeba mifuko kwenye golfi. Siku moja alikwenda kazini, hakurudi.

"Banasema alivuka Zambia na mwanamuke mwingine," akasema. "Ndugu zake baliniacha. Sasa nilie kilio ya nani, papa? Maiti hakuna. Mi si mujane, mi si bibi ya mutu."

Mezani kulikuwa na sahani ya bukari, ugali wetu, imefunikwa kwa sahani nyingine. Ya jana. Kila jioni alimwekea, kila asubuhi aliwapa kuku. Nikampa ule ujumbe, neno kwa neno. Kisha nikakunjua shuka.

Akagusa bega lililoshuka. "Bega yake," akasema. "Ile mifuko."

Halafu akapiga ukelele, na majirani wakaja mbio. Kilio kikaanza saa ile ile, wanaume wakawasha moto uani. Kumuuliza yule mkubwa gari lake lilimgonga nani? Nani angethubutu? Ungeuliza, ukatafutwa wewe. Wakazika shuka. Zaina alinifuata kule, na yeye mwenyewe ndiye aliyelikunja kama sanda. "Lilikuwa la harusi," akasema, "acha liende."

Gari nililimaliza, mkubwa akalichukua. Nasikia alilipanda mara moja tu, akashuka akisema kuna mtu pembeni yake anagonga-gonga mguu. Na mimi? Tazama chini ya meza. Mguu wangu huu haujatulia tangu siku ile, hata nikilala Zaina anausikia.

Niamini au usiniamini. Lakini mtu akikuletea kitu cha kupaka rangi haraka na kimyakimya, muulize kwanza unaenda kufunika nini. Kwa sababu huenda kuna nyumba mahali, bukari imefunikwa mezani, na mwanamke anasikiliza mlango.