Sanduku Letu la Posta na Debe la Mzee Tuwei

Ijumaa moja saa tisa alasiri, nikiwa nyumbani kwangu Kiamunyi nimeinamia cherehani, karani wa hospitali moja ya macho alinipigia simu, na simu hiyo ndiyo iliyonipandisha milima ya Mau. Aliniuliza kama mimi ndiye Gladys Chebet. Nikamwambia hapana, mimi ni Mama Wambui, ila Chebet aliacha namba yangu hospitalini kwa sababu kwao Kapsirwo mtandao hupatikana kilimani tu, tena mpaka usimame juu ya jiwe. Karani akashusha pumzi. Alisema mtoto wa Chebet amepata nafasi ya kupasuliwa macho Jumatatu asubuhi. Barua ya kumwita ilitumwa wiki kadhaa zilizopita na hakuna aliyejibu.

"Daktari ni mgeni, anaondoka Jumanne," alisema. "Huyo mtoto asipofika Jumatatu saa mbili na ile barua iko na muhuri, nafasi tunapatia mwingine. Laini ni ndefu, mathe."

Nilimwomba aandike barua nyingine. Akasema mwenye kutia sahihi ameshaondoka hadi wiki ijayo. Nilikata simu nikabaki nimeshika kitambaa bila kujua nilikuwa nashona nini, maana barua hiyo niliikumbuka vizuri. Niliitoa posta kwa mikono yangu na kuituma Kapsirwo wiki tatu nyuma.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mume wangu, Mwalimu Ndegwa, alifundisha Kapsirwo miaka tisa tulipokuwa vijana. Ni kijiji kilicho juu ya Mau Narok, mahali ambapo barabara huchoka na kugeuka njia ya ng'ombe. Mimi nilibaki mjini na cherehani yangu. Kijiji hakikuwa na posta, na mpaka leo hakina, basi Mwalimu akawaambia watumie sanduku letu la Nakuru. Baadaye alihamishwa, akastaafu, magoti yakamgomea, lakini sanduku likabaki lao. Kila Ijumaa mimi huenda posta na ufunguo, natoa barua, nazifunga kwenye mfuko na kumkabidhi Muchiri, dereva wa lori la viazi, azipandishe Jumamosi. Siku hizi watu wanasalimiana kwa simu, barua si nyingi kama zamani, lakini hospitali, mahakama, vyuo na wale wa pensheni bado wanapenda karatasi.

Miaka yote hiyo sikuwahi kufika Kapsirwo. Watu wake nilikuwa nawajua kwa bahasha tu. Nilijua nani ana kesi ya shamba na nani ana binti chuoni. Nikiwahesabu kichwani nilipata kama watu sitini, nikajiona nakijua kijiji kuliko chifu.

Nilimpigia Chebet mara saba. Hakupatikana. Mwalimu, akiwa kwenye kiti chake, akasema, "Ingia lori la Muchiri kesho." Nikamwuliza kama angependa twende wote, akakione tena kijiji alichofundisha. Alitazama magoti yake, akasema yeye atalinda nyumba. Nyumba yenyewe ina mbwa wawili na ukuta!

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Muchiri alinipitia. Muchiri ni mtu wa maneno mengi, mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa hata jua likiwaka. Lori lilikuwa tupu, likiruka kila tukipata shimo. Tulipita Njoro watu wakifungua maduka, tukaanza kupanda. Kufikia Likia nilikuwa nimejifunga leso mbili na bado meno yanagongana. Mashamba ya ngano yalienea pande zote, ya kijani kibichi, na ukungu ulikuwa umelala juu yake. Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo nilikuwa natazama saa tu.

"Mathe, relax," Muchiri aliniambia. "Hiyo barua nilifikisha. Mimi sijawahi poteza barua."

"Sasa mbona hajajibu?"

Muchiri akabadilisha gia.

Mau Narok tulifika saa tatu. Tulikunywa chai ya moto tukiwa tumesimama, tukaendelea. Baada ya hapo lami iliisha, kisha kokoto ikaisha. Matope mekundu yalitushika mara mbili, na mara ya pili niliteremka nikasukuma pamoja na wakulima waliokuwa wakichimba viazi. Mtu wa umri wangu! Lakini hasira na hofu vikichanganyika huwa vina nguvu za ajabu.

Saa tano na nusu tuliingia Kapsirwo. Kuna shule, kanisa la mabati, josho la ng'ombe na nyumba zilizotawanyika ukingoni mwa msitu. Habari ya mgeni ilitangulia mbele yetu, sijui kwa njia gani. Wanawake walitoka mashambani wakipangusa mikono.

"Huyu ndiye Mama wa Sanduku!" mmoja alisema, na wote wakaja kunishika mkono.

Wakaanza kujitaja majina, nami moyo ukanilegea. Wilson Mutai wa pensheni, ambaye kwa bahasha zake nene nilimdhania jitu, alikuwa kizee kifupi kinachocheka bila meno. Esther wa kesi ya shamba alikuwa mpole, akanipa yai la kuchemsha. Wengi waliojitaja sikuwahi kuona majina yao popote.

Kisha akaja Mzee Tuwei, mzee wa kanisa na mzee wa kijiji pia, mrefu, koti jeusi la zamani, sauti ya chini. Yeye ndiye hupokea mfuko wangu. Nilimwuliza kuhusu barua ya Chebet kabla sijakaa. Hakushtuka. Aliingia kanisani, akatoka na debe la biskuti lililobabuka rangi, akalifungua. Barua ilikuwa humo, bahasha nyeupe yenye muhuri wa hospitali, safi kabisa, haijafunguliwa.

"Nimeita jina lake Jumapili tatu," alisema. "Hajasimama."

Ndivyo wanavyofanya. Ibada ikiisha, mzee husoma majina yaliyo kwenye bahasha. Mwenye jina husimama, husema "Nipo," na kuja kuchukua. Asipokuwapo, barua hurudi debeni kungoja Jumapili nyingine. Chebet alikuwa Mauche kwa dada yake aliyejifungua, na alikuwa huko karibu mwezi. Kila mtu alijua aliko. Hakuna aliyempelekea barua, hakuna aliyeifungua.

"Mzee, mbona hamkutuma mtu?"

"Barua haipitii mkono wa mtu mwingine, Mama. Ni ya mwenyewe."

Nilikasirika, sitaficha. "Macho ya mtoto yamekaa ndani ya debe la biskuti wiki tatu!" nilisema kwa sauti. Nikanyoosha mkono. "Nipe, nimpelekee mimi. Nimezibeba barua zenu miaka na miaka."

Mzee Tuwei alifunga debe taratibu. "Sitakupatia," alisema. "Lakini sijakataa kwenda."

Akavaa kofia. Kabla ya kuondoka alitoa kanisani daftari kubwa lenye jalada la nguo, akaandika kwamba barua imetoka debeni. Nilichungulia. Lilikuwa daftari la majina ya kijiji kizima, kurasa baada ya kurasa: waliozaliwa, waliohama, waliozikwa wakiwa wamepigiwa mstari mmoja mwembamba. Sitini wangu walikuwa wale tu wanaoandikiwa. Humo kulikuwa na vichanga wa mwezi mmoja.

"Hata hawa?" niliuliza.

"Huwezi jua nani ataandikiwa," alisema.

Saa saba mchana tulianza kushuka. Muchiri alikuwa amepakia nusu tu ya magunia, akasema viazi havina macho ya kupasuliwa, vitangoja. Tulikaa watatu mbele, Mzee katikati na debe mapajani. Bado nilikuwa nimemnunia. Njiani akaniuliza kama Mwalimu aliwahi kuniambia habari za debe.

"Debe lipi?"

"Hili. Ni yeye alituletea."

Akanisimulia. Zamani hizo wengi hawakujua kusoma, na Mwalimu aliwasomea barua uwanjani mwa shule, watu wamekaa kwenye nyasi. Ilikuwa furaha, kila mtu alisikia habari za kila mtu. Siku moja akafungua barua ya mama mmoja ambaye mume wake alikuwa kazini Naivasha, akaisoma kwa mazoea, haraka. Katika mstari wa pili mume alikuwa akimwambia mkewe asimngojee tena, ana nyumba nyingine. Mwalimu alinyamaza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kijiji kizima kilisikia pamoja na mwenye barua. Mama huyo aliondoka na watoto wake wiki hiyo, na hajaonekana Kapsirwo tena.

"Mwalimu alilia mbele yetu," alisema Mzee. "Akaleta hili debe. Akafundisha watu wazima kusoma jioni, kila siku, mpaka akahamishwa. Akatuapisha. Barua ni ya mwenyewe, na mkono wa kwanza ni wake."

Nimeishi na mtu huyo maisha yangu yote ya utu uzima, nimemfulia na kumuuguza, na nilikuwa nasikia jambo hili kutoka kwa mtu mwingine, katika lori la viazi. Niliona haya kwa kelele nilizopiga kule juu.

"Lakini hapa tumekosea," Mzee aliongeza baada ya muda. "Tuliapa kutofungua. Hatukuapa kukaa."

Saa kumi kasoro tulikunja kuelekea Mauche. Tuliuliza njia kwa mwenye kioski, kwa mwenye bodaboda, kisha kwa mama aliyekuwa akikama, mpaka tukaonyeshwa boma la dada yake Chebet. Chebet mwenyewe alikuwa kwenye kamba akianika nepi. Mtoto wake Chelangat, wa miaka mitatu, alikuwa ameshika sketi ya mama. Alisikia lori, akageuza sikio badala ya uso. Macho yake yote mawili yalikuwa na weupe katikati.

Nilitaka kupiga kelele pale pale. Mzee akanizuia kwa kiganja. Alishuka, akavua kofia, akafungua debe, akaitoa bahasha na kuishika mbali kidogo, kama mtu aliyesahau miwani. Akasoma kwa sauti ya kanisani, pale kati ya kuku na nepi.

"Gladys Chebet Mutai."

Chebet alitutazama mmoja mmoja. Nepi ikamdondoka. "Nipo," alisema.

Akaja, akapokea, akafungua, akasoma akiwa amesimama. Aliposoma mara ya pili alikaa chini kwenye nyasi, akamkumbatia mtoto, akalia kwa nguvu. Mimi nikalia. Muchiri akavua ile kofia yake na kujipangusia uso, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ana upara.

"Leo ni Jumamosi?" Chebet aliuliza. "Jumatatu bado?"

"Jumatatu bado," nilimwambia, na niliposema hivyo ndipo nilipohisi mabega yangu yakishuka. Nilikuwa nimeyabeba juu tangu Ijumaa.

Mzee Tuwei alikataa kuendelea nasi Nakuru. Alisema atapanda na pikipiki alfajiri. "Kesho ni Jumapili," alisema. "Nani ataita majina?"

Jua likielekea kuzama tulifika Kiamunyi, mimi, Chebet na Chelangat. Mwalimu alikuwa ameweka maji ya chai jikoni, kazi ambayo huifanya akiwa na wasiwasi tu. Wageni walipokwenda kuoga nilikaa karibu naye nikamwambia nimeliona debe na kusikia habari zake.

"Walikuambia yule mama alikuwa na watoto wangapi?" aliuliza.

"Hapana."

"Wanne," alisema. Nikamshika goti lile baya, tukakaa hivyo mpaka chai ikachemka.

Jumatatu saa moja na robo tulikuwa langoni mwa hospitali. Karani aliisoma barua, akaona muhuri, akacheka. "Hii imetoka wapi, mathe? Inanuka biskuti." Chelangat alipasuliwa jicho moja, na la pili likapangiwa siku nyingine. Walipomfungua bendeji nilikuwapo. Hakulia wala hakucheka. Aliikazia macho leso yangu, akaanza kuyabonyeza maua yake ya njano kwa kidole, moja baada ya jingine, akihakikisha kila moja lipo. Namshukuru Mungu kwa leso ile. Sasa nimempa.

Nilikwenda Kapsirwo nikidhani kwamba ninawapelekea watu karatasi. Nimerudi nikijua kwamba kule juu karatasi ni sababu tu ya mtu kuitwa jina lake lote mbele ya wenzake, na yeye aitike. Tumekubaliana na Mzee Tuwei kwamba jina likiitwa mara mbili bila jibu, debe litavaa kofia na kumfuata mwenyewe aliko.

Leo Ijumaa nimempelekea Muchiri mfuko kama kawaida. Akanicheka.

"Mathe, jina lako limeitwa Jumapili. Kuna barua yako. Chebet ameandika."

"Na iko wapi?"

"Kwa debe. Nimeomba nikuletee, mzee amekataa kabisa. Amesema utaratibu ni Jumapili hii aite tena mbele ya watu, usiposimama ndio atakuja."

Nilipomweleza Mwalimu, nilitegemea acheke. Badala yake aliomba nimtafutie viatu vyake vyeusi.

"Muulize Muchiri," alisema, "kama kuna nafasi ya magoti mawili mabovu."

Basi kesho tunapanda wote wawili, tulale huko. Keshokutwa ibada ikiisha Mzee Tuwei atafungua debe. Miaka yote hii nimeshika ufunguo wa sanduku, na hakuna aliyewahi kuniandikia humo. Nimekuwa nikijizoeza jikoni, peke yangu, nisije nikababaika mbele ya kanisa zima. Neno lenyewe ni moja tu.

Nipo.